Hiyo Kadi Haikukopeshi, Wewe Ndiye Unaikopesha

Wiki tatu zilizopita nilipata barua pepe ambayo ingenitoa kwa shimo. Kampuni moja ya ng'ambo ilitaka nitengeneze video tatu fupi nikisifu kadi yao, ile ya kuweka pesa kwanza ndio utumie. Malipo: shilingi 45,000. Wenye mmenifuata kwa muda mnajua hali. Kodi ya miezi miwili sijalipa, na mwenye ploti siku hizi akinisalimia hasemi "habari", anasema "kijana" halafu ananyamaza.

Mbona basi sikusema ndiyo hapo hapo? Kwa sababu mwaka jana nilisema ndiyo haraka. Nilitangaza programu fulani ya mikopo ya simu, nikalipwa, nikasahau. Baada ya mwezi kijana mmoja akaniandikia kwamba aliingia kwa sababu yangu, na sasa wanapigia mamake simu wakidai. Hakunitukana. Aliandika tu, "Bro, nilidhani wewe umeangalia." Hiyo sentensi bado iko kwa kichwa changu.

Kwa hivyo safari hii niliangalia. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, lakini kusoma sikuacha. Nikataka kujua hizi kadi zilitoka wapi, zimesaidia nani, zimeumiza nani. Nilichopata ndicho hiki.

Tuanze na jina. Wenyewe wanaiita kadi ya mkopo ya kulipia kabla. Soma tena polepole. Mkopo, na kulipia kabla. Ni kama kusema ugali wa wali. Kadi ya mkopo ya kweli, benki inakulipia leo, wewe unarudisha mwisho wa mwezi, ukichelewa unakula riba. Hii ingine wewe unaweka pesa yako kwanza, kisha unatumia ile uliyoweka, ikiisha imeisha. Inaitwa ya mkopo kwa sababu tu inapita njia zile zile za Visa na Mastercard, ina namba ndefu zile zile, na mashine ya dukani inaikubali vile vile. Lakini hakuna anayekukopesha. Ukifikiria vizuri, wewe ndiye umemkopesha mwenye kadi. Pesa yako iko kwake kuanzia siku ya kuweka hadi siku ya kutumia.

Sisi Wakenya hatufai kushangaa hapa. Tumeita salio la simu kredo tangu wakati wa kukwaruza kadi na ukucha au na shilingi moja. Kredo maana yake mkopo, na bado ulikuwa unalipa kabla! Sisi ni watoto wa kulipia kabla. Kredo ya simu, tokeni za stima, hata supu kwa kibanda fulani hapa kwetu unalipa kwanza ndio upewe bakuli.

Hii tabia ya kuuza malipo ya kabla kwa kadi si ya jana. Katikati ya miaka ya 1970 kule Italia walianza kuuza kadi za kupigia simu za vibanda, wakati sarafu zilikuwa adimu na vibanda vinavunjwa kwa ajili ya hizo chache zilizomo. Hapo unaona faida ya kwanza: mwizi akivunja kibanda hapati kitu. Tena kampuni inapata pesa yako kabla hujasema "halo".

Sasa twende Marekani, kwa sababu kadi hizi za leo zilikulia huko. Mwaka 1999 jamaa anaitwa Steve Streit, mtu aliyetoka kwenye redio, alianzisha kampuni ambayo baadaye iliitwa Green Dot. Wazo lake lilikuwa vijana. Intaneti ilikuwa imeanza kuuza vitu, vijana walikuwa na pesa mkononi lakini hawana kadi, na mzazi hataki kumpa mtoto kadi yake ya benki. Basi uza kadi ya kuweka pesa kwanza. Lakini walionunua sana hawakuwa watoto wa kununua miziki. Walikuwa watu wazima ambao benki hazikuwataka, au waliokuwa wamechomwa na benki wakatoka. Mshahara mdogo, rekodi mbaya ya madeni, au hawana ile pesa ya chini ambayo akaunti inataka ikae hapo bila kuguswa.

Hapo ndipo biashara ilipoonekana. Mwaka 2003 Russell Simmons, yule wa Def Jam aliyesaidia kuipeleka hip hop duniani, alitoa RushCard, akiwalenga watu weusi na maskini ambao benki zilikuwa zimewapita. Mwaka 2007 Walmart ikatoa kadi yake, MoneyCard, ikishirikiana na Green Dot. Kumbuka huo mwaka. Machi 2007 huku kwetu Safaricom ilizindua M-Pesa. Shida ilikuwa moja, mtu hana benki lakini ana pesa na ana mambo ya kulipa. Marekani wakatoa plastiki, sisi tukatumia laini ya simu. Wengi wetu hatukuwahi kuhitaji ile plastiki, na nadhani ndiyo maana historia yake hatuijui.

Na tunafaa kuijua, kwa sababu ndani yake kuna watu wa kazi kama yangu.

Novemba 2010 dada za Kardashian walitoa kadi yenye sura zao, wakiwalenga vijana. Kuwa nayo mwaka mmoja ilikuwa dola 99.95. Hiyo ni pesa ya kumiliki kadi tu, kabla hujaweka ya kununua kitu. Mwanasheria mkuu wa jimbo la Connecticut wakati huo, Richard Blumenthal, akaandikia benki iliyoitoa barua akiuliza kuhusu hayo makato. Kabla mwezi kuisha dada hao walikuwa wamejiondoa, na kadi ikafa. Nilipofika hapo nilifunga kompyuta kidogo. Wale walikuwa mamilionea na bado walikubali kuweka sura zao. Mimi mwenye deni la keja nina kinga gani?

RushCard nayo iliendelea miaka mingi, na watu waliipenda kwa sababu ya kweli. Mshahara ulikuwa unaingia moja kwa moja, wakati mwingine siku mbili kabla ya wenye benki kupata. Kwa mtu anayeishi mkono kwa mdomo, siku mbili ni unga. Halafu Oktoba 2015 wakahamisha mitambo ya kuendesha malipo kutoka kampuni moja hadi nyingine, na mambo yakakwama. Maelfu kwa maelfu ya watu waliamka wakakuta hawawezi kugusa pesa yao. Wengine siku kadhaa, wengine wiki na zaidi. Watu walishindwa kulipa kodi, kununua chakula, kuweka mafuta wafike kazini. Mwaka 2017 shirika la serikali linalolinda wateja wa fedha kule likaamuru Mastercard na UniRush, kampuni iliyokuwa nyuma ya kadi hiyo, wawalipe wateja dola milioni 10 na juu yake faini ya dola milioni 3.

Ona kitu. Mwenye akaunti tatu akifungiwa moja, anasumbuka tu. Mwenye kadi moja akifungiwa, amefungiwa maisha. Na kadi hizi zilitengenezewa huyo wa pili.

Kisa kingine kilitugusa hadi huku. Juni 2020 kampuni ya Ujerumani iliyoitwa Wirecard ilianguka baada ya kukubali kwamba euro bilioni 1.9 zilizoandikwa kwenye vitabu vyake pengine hazikuwahi kuwepo. Tarehe 26 Juni wasimamizi wa fedha wa Uingereza wakaiamuru tawi lake la huko lisimamishe shughuli. Sasa hilo tawi ndilo lilikuwa linatoa kadi za kampuni zingine ambazo mteja hakujua zina uhusiano wowote na Wirecard. Kadi za Pockit zilizimika. Kadi za Payoneer pia zilizimika, na wewe unayeandika makala au kuchora nembo kwa wateja wa ng'ambo unaijua Payoneer, kwa sababu ndiyo njia ambayo watu wengi hapa Kenya wamelipwa nayo miaka na miaka. Tarehe 30 Juni amri ililegezwa na kadi zikaanza kurudi. Pesa za wateja zilikuwa zimewekwa kando, hazikupotea. Lakini jaribu kumwambia mtu Ijumaa jioni, "tulia, pesa yako iko salama, ila huwezi kula nayo."

Funzo langu hapo ni dogo tu: jina lililo mbele ya kadi si lazima liwe ndilo linaloshika pesa. Kuna mwenye rangi na nembo, kuna anayeitoa kadi kisheria, kuna mwenye mitambo, kuna benki ambamo pesa imelala. Wa kwanza ndiye anatangazwa. Hao wengine wako kwenye maandishi madogo.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu kadi hizi ziliwahi kuja kwetu kwa kishindo.

Mwaka 2013 Google na Equity walileta BebaPay, kadi ya nauli. Unaweka pesa, unagusisha kwa simu ya makanga, risiti inakuja kwa simu yako. Serikali nayo kupitia NTSA ikasema matatu zote ziache pesa taslimu, mwisho ni tarehe 1 Julai 2014. Kadi zikawa nyingi: kulikuwa na Abiria Card, kulikuwa na My 1963, kila mtu na yake. Tarehe ikafika, ikasogezwa mbele, ikafika tena, na hakuna kilichofanyika. Machi 2015 Google wakaifunga BebaPay.

Watu husema Wakenya walikataa teknolojia. Si kweli, hao hao walikuwa wanatuma M-Pesa kila siku. Kadi zilikataliwa kwa sababu ya vile matatu yenyewe inavyokula. Mwenye gari anataka kiasi chake cha siku. Dereva na makanga wanabaki na kinachozidi. Katikati kuna mafuta, kuna watu wa steji, kuna yule afisa barabarani ambaye hatoi risiti. Vyote hivyo vinataka noti mkononi, saa hiyo. Kadi ingeonyesha mwenye gari kila shilingi, na mtoza ushuru pia. Makanga angesherehekea nini? Kwa abiria nayo, nauli yetu inabadilika na mvua. Na kadi ya basi hili haikubaliki kwa basi lile.

Mama yangu alikuwa na moja. Sitasema ya nani, zilikuwa kadhaa. Alikuwa anatoka Kayole kwenda Industrial Area kila asubuhi, akasikia kwamba bila kadi hutapanda gari, na mama yangu ni mtu wa kufuata sheria. Akaweka shilingi 500, pesa aliyoipima. Nilikuwa darasa la tano. Nakumbuka jioni moja tukiwa pamoja, akaitoa kwa fahari, na makanga akamwambia, "Mathe, hiyo weka kwa kabati. Hapa ni pesa." Gari zima likacheka. Akalipa noti. Aliitumia mara chache tu kwa zile zilizokubali, na kufikia wakati habari zake ziliisha ilikuwa na shilingi 340. Hakuwahi kuzifuata. Nauli ya kwenda kuzifuata na siku ya kazi ya kupoteza zingezidi hizo 340. Sasa hesabu mama wangapi hapo Nairobi waliacha 340 mahali.

Lakini nisikuwe mnafiki, hizi kadi zina kazi yake. Mimi nimetumia moja. Programu ninayohariri nayo video inalipiwa kwa dola kila mwezi, na kwa miaka miwili kadi ya kuweka pesa kwanza ndiyo iliniwezesha kufanya hii kazi bila benki. Mara moja namba yangu iliibwa mtandaoni. Mwizi alipata shilingi 700, ndizo zilikuwa ndani. Ingekuwa kadi iliyofungwa kwa akaunti yenye akiba, tungekuwa tunaongea mengine. Huwezi kuingia deni nayo, hakuna CRB, hakuna riba. Mtu asiyejiamini na pesa anaweka ya wiki, ikiisha anatulia. Mzazi anamwekea mtoto ya matumizi. Na tangu Juni 2022, Safaricom na Visa walipoleta kadi ya mtandaoni ndani ya M-Pesa, hauhitaji hata kwenda kuweka pesa kando. Inatoka kwa salio ulilonalo.

Ila kuna upande ule. Kutumia kwako vizuri hakukujengei jina la ukopaji, kwa sababu hukukopa. Hoteli nyingi na wenye kukodisha magari huishikilia pesa yako kama dhamana, na kwa kadi hii wanashikilia ile ile ya kula. Duka likikurudishia pesa inaweza kuzunguka siku nyingi kabla irudi, na kadi ikiwa imekwisha muda unaanza kuandikiana barua. Kubadilisha dola kuna bei ya benki na kuna bei yao.

Na usidhani kulipia kabla kunaondoa deni kwa maskini. Mwaka 2015 kambini Kakuma, Shirika la Chakula Duniani pamoja na Safaricom walianza Bamba Chakula. Badala ya gunia, mkimbizi alipata sehemu ya msaada kwa laini ya simu, anunue chakula kwa maduka yaliyosajiliwa. Kitu kizuri, mtu anajichagulia maharagwe. Lakini pesa ilikuwa inaisha kabla ya mwezi. Watafiti waliofika huko wakaandika kwamba familia nyingi zilikuwa zinakopa kwa mwenye duka, na wengine wanamwachia laini au kadi yenyewe kama rehani. Fikiria hilo. Kitu cha kulipia kabla kikawa cha kulipia deni, na aliyekishika si mwenyewe.

Baada ya kusoma hayo yote nikafungua masharti ya kadi niliyotakiwa kusifu. Nikafanya hesabu ya shilingi 1,000. Kuweka, asilimia 3.5, hiyo ni 35. Kuiwasha mara ya kwanza, 250. Kila mwezi, 99. Miezi mitatu bila kununua hata peremende, umebaki na 418. Nusu na zaidi imeenda, na wewe hujafanya kitu.

Nikawaandikia maswali matatu. Pesa ya mteja inakaa benki gani? Mkifunga, anaidai nani na wapi? Naweza kusema makato yote kwa video, kwa sauti, si kwa maandishi chini? Wakajibu haraka sana. Kwa la kwanza wakasema "washirika wetu wa kuaminika". La pili wakaliruka. La tatu wakasema tayari wana maneno ya kusema, mimi nisome tu, na makato hayamo.

Nikawaambia hapana, asante.

Sikujisikia shujaa. Nilijisikia njaa. Mwenye ploti nimemwomba hadi tarehe 10, na nimeuza maikrofoni yangu ya pili. Kama kuna mtu anataka kuhaririwa video za harusi, nipo, bei tutaelewana.

Wewe ukitaka kadi kama hii, chukua, sikukatazi. Ila uliza yale maswali yangu mawili ya kwanza, halafu chukua karatasi upige hesabu ya 1,000 kwa miezi mitatu. Weka ya kununua kitu cha leo, usiweke akiba. Na usikubali iwe ndiyo njia yako ya pekee ya kufikia pesa.

Jumapili nilienda kwa mama nikamwuliza kama bado anayo ile kadi. Akatoa mkebe wa biskuti, ule wenye sindano na uzi ndani, na kadi ilikuwa chini kabisa, rangi imefifia. Nikamwambia hiyo haifanyi kazi tena, miaka kumi imepita, atupe. Akaifuta kwa leso, akairudisha.

"Ina 340 zangu," akasema.